Herufi Moja Katika Damu

Katika nchi za kando ya Ziwa Victoria na katika pwani ya Kenya, watu wamejua tangu zamani kwamba wako watoto wanaozaliwa wazima, wakanyonya vizuri na kunenepa, kisha wakikaribia miezi sita huanza kudhoofika. Vidole vya mikono na miguu huvimba na kuuma. Macho huwa ya manjano. Mtoto hupungukiwa na damu, hulia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa, na homa ambayo mwenzake huipita kwa siku mbili humwangusha yeye kabisa. Zamani wengi wao hawakufika umri wa kwenda shule. Na kwa kuwa mara nyingine mtoto wa pili au wa tatu wa nyumba ile ile alipatwa vivyo hivyo, majirani walianza kunong'ona. Mmoja alisema ni uchawi, mwingine alisema ni mkosi ambao mama wa watoto alikuja nao kutoka kwao. Na wako wanawake walioachwa kwa ajili ya maneno kama hayo.

Ugonjwa huo sasa huitwa selimundu. Sababu yake imethibitishwa vizuri kuliko sababu za magonjwa mengi, nayo si mkosi wa mtu ye yote. Ni herufi moja tu iliyobadilika katika maandishi ambayo kila mtu huyachukua ndani ya mwili wake. Anayetaka kufahamu jeni ni kitu gani na jinsi zinavyotoa amri zake hawezi kupata mfano ulio wazi kuliko huu, na sehemu kubwa ya mfano wenyewe ilichunguzwa hapa hapa Afrika ya Mashariki.

MAANDISHI YALIYOMO MWILINI

Mwili umejengwa kwa chembe hai zisizohesabika, ndogo hata hazionekani ila kwa hadubini. Ndani ya chembe karibu zote mna kiini, na ndani ya kiini mna nyuzi 46 ziitwazo kromosomu, zilizo jozi 23. Katika kila jozi uzi mmoja umetoka kwa baba na wa pili umetoka kwa mama. Kila uzi ni kamba ndefu ya kitu kiitwacho DNA. Mwaka wa 1944 Oswald Avery na wenzake wawili huko New York walionyesha, kwa majaribio ya vijidudu, kwamba DNA ndiyo inayochukua urithi. Miaka tisa baadaye, mwaka wa 1953, James Watson na Francis Crick wa Cambridge walieleza umbo lake, wakisaidiwa na picha za eksirei za Rosalind Franklin aliyekuwa akifanya kazi London.

Umbo hilo ni kama ngazi ya kamba iliyosokotwa. Vidato vyake vimefanywa kwa vitu vya namna nne tu, ambavyo wataalamu huviita A, T, G na C. Daima A hukabiliana na T, na G hukabiliana na C. Kwa hiyo ngazi ikipasuliwa katikati, kila nusu huonyesha jinsi nusu ya pili ilivyokuwa, nayo huweza kujengwa upya bila kukosea. Hivyo ndivyo chembe moja inavyojigawa kuwa mbili, na kila moja ikabaki na maandishi yote kamili.

Herufi nne zaonekana chache mno kwa kazi ya kuandika mtu mzima. Lakini simu za posta za zamani zilipelekwa kwa alama mbili tu, nukta na mstari, na kwa alama hizo watu waliletewa habari za msiba na za harusi. Jambo kubwa ni mpango wa herufi, na wingi wake. Katika seti moja ya kromosomu 23 za mtu mna herufi zipatazo milioni elfu tatu. Sehemu ya maandishi hayo yenye maagizo ya kutengeneza kitu fulani ndiyo iitwayo jeni, na jeni zenye maagizo ya kutengeneza protini zakaribia 20,000.

Watu wengi wakisikia neno protini hufikiri maharagwe, maziwa na nyama. Si vibaya, lakini katika mwili protini ndizo mafundi na wachukuzi: nyingine huyeyusha chakula, nyingine hujenga misuli, nyingine hupigana na vijidudu. Kila protini ni mnyororo, mfano wa shanga zilizotungwa katika uzi. Shanga zenyewe huitwa asidi amino, nazo ni za namna 20. Tofauti ya protini moja na nyingine ni idadi ya shanga na jinsi zinavyofuatana, kwa maana huo mfuatano ndio unaoufanya uzi ujikunje kwa umbo lake, na umbo ndilo linalompa fundi huyo kazi yake.

Jinsi protini inavyotengenezwa ni jambo la kustaajabisha, lakini si gumu kulifahamu. Maandishi ya DNA hayatoki ndani ya kiini, kama vile daftari kuu la ofisi ya ardhi lisivyoruhusiwa kutolewa ofisini. Ukurasa unaotakiwa hunakiliwa, kisha nakala hupelekwa nje ya kiini, mahali palipo na vyombo vidogo viitwavyo ribosomu. Ribosomu huisoma nakala ile herufi tatu tatu. Kila herufi tatu ni neno moja, na kila neno ni jina la ushanga mmoja. Ribosomu ikisoma neno hutunga ushanga uliotajwa, ikisoma la pili hutunga wa pili, mpaka ifike kwenye neno la kuiamuru ikome.

Herufi nne zikipangwa tatu tatu hutoa maneno 64. Kati ya hayo, 61 ni majina ya shanga na matatu ni amri za kukoma. Kwa kuwa shanga ni za namna 20 tu, nyingi zina majina zaidi ya moja, kama vile gari la moshi na treni ni kitu kile kile. Ushanga uitwao asidi glutamiki, kwa mfano, huandikwa GAA au GAG. Ikiwa mwandishi ataandika A mahali pa G ya mwisho, hakuna kitakachoharibika. Makosa mengi katika maandishi ya urithi ni ya namna hiyo, nayo hupita bila mtu kuyajua maisha yake yote.

Kamusi ya maneno hayo ilianza kufunuliwa mwaka wa 1961 huko Bethesda, Marekani. Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei walitengeneza nakala yenye herufi moja tu iliyorudiwa-rudiwa, wakaitia katika maji ya chembe zilizosagwa, na ukatokea mnyororo wenye ushanga wa namna moja tu. Neno la kwanza likawa limejulikana. Kufika mwaka wa 1966 maneno yote 64 yalikuwa yamekwisha kusomwa, na mwaka wa 1968 Nirenberg, Har Gobind Khorana na Robert Holley walipewa Tuzo ya Nobel. Kilichowashangaza watu zaidi ni kuona kwamba kamusi hiyo, isipokuwa kwa tofauti chache sana, ni ile ile kwa mtu, ng'ombe, mhindi wa shambani, na hata kijidudu kile kinacholeta malaria.

USHANGA WA SITA

Maneno ya DNA ni ya herufi tatu tatu, na Kiswahili nacho kina maneno ya namna hiyo. Chukua barua fupi ambayo bwana shamba amemwandikia mfanyakazi wake: "Kata mti." Karani akikosea herufi moja tu, barua itasema: "Kata mtu." Wino ni ule ule, karatasi ni ile ile, herufi nyingine zote ni sahihi, wala neno lililokosewa si neno lisilo na maana, ni neno zuri kabisa la Kiswahili. Ubaya wake ni kwamba linaagiza jambo jingine.

Ndivyo ilivyo katika selimundu. Ndani ya chembe nyekundu za damu mna protini iitwayo himoglobini, ambayo kazi yake ni kuchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka kila mahali mwilini. Himoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne, miwili ya aina iitwayo alfa yenye shanga 141 kila mmoja, na miwili ya aina ya beta yenye shanga 146. Jeni ya mnyororo wa beta imo katika kromosomu ya 11. Neno linalotaja ushanga wa sita wa mnyororo huo ni GAG, asidi glutamiki. Kwa wagonjwa wa selimundu neno hilo limekuwa GTG, na GTG ni jina la ushanga mwingine uitwao valini. Shanga nyingine 145 hazina tofauti yo yote.

Asidi glutamiki hupatana na maji, na valini huyakimbia maji kama mafuta. Himoglobini ikiwa imechukua oksijeni, kasoro hiyo haionekani sana. Lakini ikisha kuitoa oksijeni, umbo lake hubadilika kidogo, na mahali pale penye valini hunata katika kishimo kilicho juu ya himoglobini ya jirani. Hiyo nayo hunata kwa nyingine, na nyingine, mpaka zinafanya vijiti virefu vigumu ndani ya chembe. Chembe nyekundu iliyo nzima ni mviringo na laini, nayo hupenya katika mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe. Iliyojaa vijiti hupindika kama mundu wa kuvunia mpunga. Chembe hizo hukwama na kuziba mishipa, na mahali palipozibwa hukosa damu. Hapo ndipo yatokapo maumivu makali ya mifupa. Wengu, ambao hulinda mwili dhidi ya vijidudu fulani vya hatari, huharibika mapema. Chembe nzima huishi siku kama 120, lakini hizi zilizopindika hufa baada ya siku 10 au 20 tu, na kwa sababu hiyo mtoto hupungukiwa na damu daima na macho yake huwa ya manjano.

Msomaji atauliza kwa nini ugonjwa hungoja miezi kadhaa baada ya kuzaliwa. Mtoto aliye tumboni hutumia mnyororo wa beta kidogo tu. Ana himoglobini ya utoto, iliyotungwa kwa jeni nyingine isiyo na kasoro. Baada ya kuzaliwa jeni hiyo hufungwa pole pole, na ile ya beta hushika kazi. Jeni ya utoto haitoweki. Imo bado katika maandishi, imefungwa tu. Jambo hili lilikuja kuwa na faida kubwa kwa waganga.

Habari hizi hazikupatikana kwa siku moja. Mwaka wa 1910 daktari James Herrick wa Chicago alitangaza kwamba ameona chembe zenye umbo la mundu katika damu ya mwanafunzi mmoja aliyetoka kisiwa cha Grenada. Mwaka wa 1949 Linus Pauling na wenzake huko California walipitisha umeme katika himoglobini ya wagonjwa na ya watu wazima wa afya, wakaona kwamba hazitembei kwa mwendo mmoja; hivyo ikajulikana kwamba kasoro imo katika himoglobini yenyewe. Kisha Vernon Ingram wa Cambridge aliikata himoglobini vipande vidogo vidogo, akavitandaza juu ya karatasi, na kulinganisha madoa yao. Yote yalilingana isipokuwa moja. Alitangaza jambo hilo mwaka wa 1956, na mwaka wa 1957 aliutaja ushanga wenyewe uliobadilika. Hapo ilikuwa mara ya kwanza kuonekana wazi kwamba badiliko katika jeni hubadili ushanga mmoja katika protini.

URITHI WA BABA NA MAMA

Kila mtu ana jeni mbili za mnyororo wa beta, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye jeni zote mbili sahihi huandikwa AA katika kitabu cha hospitali. Mwenye moja sahihi na moja yenye herufi iliyobadilika huandikwa AS. Huyu si mgonjwa, hulima, hucheza mpira na kuzaa kama mtu mwingine, na mara nyingi hajui lo lote mpaka damu yake ipimwe. Mwenye jeni mbili zilizobadilika ni SS, naye ndiye mgonjwa.

Baba hampi mtoto jeni zake zote mbili. Humpa moja tu, na ipi itakayotoka hakuna awezaye kuchagua. Mama naye ni vivyo hivyo. Ikiwa baba ni AS na mama ni AS, ziko njia nne zilizo sawa: A ya baba na A ya mama, A ya baba na S ya mama, S ya baba na A ya mama, au S ya wote wawili. Basi katika kila mimba pana nafasi moja katika nne ya mtoto kuwa SS, nafasi mbili za kuwa AS, na moja ya kuwa AA. Gregor Mendel aliona hesabu ya namna hiyo katika njegere za bustani yake na kuiandika mwaka wa 1866, kabla ya mtu kujua DNA ni nini.

Hapa wazazi wengi hukosea, na hata baadhi ya wale wanaowashauri. Nafasi moja katika nne haina maana kwamba mtoto wa kwanza akiwa mgonjwa basi watatu wanaofuata watakuwa salama. Kila mimba huanza hesabu upya, kama sarafu inayorushwa isivyokumbuka ilivyoanguka mara iliyopita. Iko nyumba ya wazazi wa AS yenye watoto watano wazima, na iko yenye watoto watatu ambao wote ni SS. Na ile nyumba ambayo mwanamke alihukumiwa na mashemeji kwamba ameleta mkosi, damu ya mumewe ingepimwa, ingaliandikwa AS kama yake. Mtoto hawezi kuwa SS kwa herufi ya mama peke yake.

Ikiwa mmoja ni AS na mwenziwe ni AA, hakuna mtoto atakayekuwa SS, ingawa baadhi yao huenda wakawa AS. Ikiwa mmoja ni SS na mwenziwe AA, watoto wote watakuwa AS.

HESABU ILIYOMSUMBUA ALLISON

Mwaka wa 1949 kijana mmoja, Anthony Allison, alikuja Kenya pamoja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokuwa ukienda Mlima Kenya. Nchi haikuwa ngeni kwake. Alizaliwa Afrika ya Kusini mwaka wa 1925, lakini alilelewa Kenya, ambako baba yake alikuwa na shamba. Alikuwa akikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali ili apime namna zake, na pamoja na mambo mengine alitazama ni nani aliye na chembe za mundu. Kando ya Ziwa Victoria na katika pwani aliona kwamba zaidi ya watu 20 katika kila 100 wanaichukua herufi hiyo. Katika nyanda za juu na katika nchi kavu walikuwa hawafiki hata mmoja katika 100.

Tofauti hiyo haikufuata lugha wala asili ya makabila. Na tena palikuwa na fumbo la hesabu. Chukua mahali ambapo katika kila jeni kumi moja ni S. Watoto elfu moja wakizaliwa hapo, wana jeni 2,000 za beta, na 200 kati yake ni S. Kwa hesabu ya urithi, watoto 180 hivi watakuwa AS na 10 watakuwa SS. Siku zile karibu wote wa SS walikufa kabla ya kuzaa, wakaenda na jeni 20 za S. Basi katika kizazi kimoja tu sehemu moja katika kumi ya jeni hizo imepotea. Mambo yakiendelea hivyo, baada ya vizazi kumi zitakuwa zimepungua kufikia nusu, na baadaye zaidi. Lakini watu wameishi kando ya ziwa vizazi vingi kuliko kumi, na herufi bado ilikuwa tele. Lazima palikuwa na kitu kinachoirudisha.

Allison alitazama ramani. Mahali penye herufi nyingi palikuwa ndipo penye mbu na malaria mwaka mzima. Akawaza kwamba huenda mwenye herufi moja, yule wa AS, hukingwa na malaria, naye huishi na kuzaa mahali ambapo baadhi ya ndugu zake wa AA hufa wakiwa wachanga.

Alirudi mwaka wa 1953 kulijaribu wazo hilo. Katika Buganda alipima watoto 290. Kati ya 43 waliokuwa na herufi ile, 12 walikuwa na vijidudu vya malaria katika damu. Kati ya 247 wasiokuwa nayo, 113 walikuwa navyo. Ni kama 28 katika 100 kwa hao wa kwanza, na 46 katika 100 kwa hao wa pili. Kisha watu wazima 30 wa Kiluo walijitolea kutiwa malaria, 15 wenye herufi na 15 wasio nayo. Kati ya wasio nayo malaria iliwashika 14. Kati ya wenye nayo iliwashika wawili tu. Siku hizi jaribio kama hilo halifanywi ila kwa idhini ya kamati ya maadili na kwa masharti makali, na ni haki iwe hivyo. Allison alitangaza matokeo yake mwaka wa 1954. Baadaye, katika kituo cha utafiti cha Kilifi, uchunguzi wa miaka mingi juu ya watoto wa pwani ulionyesha kwamba AS humpunguzia mtoto hatari ya malaria kali kwa karibu sehemu tisa katika kumi. Moja ya sababu ni kwamba chembe ya damu ya mtu wa AS ikiingiwa na kijidudu hupindika kwa wepesi, na mwili huiondoa pamoja na kijidudu kilichomo kabla hakijazaa.

Basi herufi ile ile iliyomwua mtoto mmoja ndiyo iliyowaponya ndugu zake wawili katika nyumba ile ile. Watu wa kando ya ziwa na wa pwani hawana damu mbaya kuliko watu wa milimani; wana damu iliyopigana na malaria kwa maelfu ya miaka, na gharama ya vita hiyo imelipwa na watoto wa SS. Yafaa isisahauliwe kwamba hao wa SS hawapati kinga yo yote yenye faida. Malaria kwao ni adui mkubwa kuliko kwa mtu mwingine, kwa maana damu yao ni chache tangu mwanzo.

Mambo haya hayakubaki ziwani na pwani. Watu wamehamia Nairobi na Nakuru kufanya kazi, wameoana kutoka pande zote, na herufi imesafiri pamoja nao hata mahali pasipo na mbu wa malaria, ambapo hudhuru bila kulipa cho chote.

YANAYOWEZA KUFANYWA

Jambo la kwanza ni kupima damu. Kipimo cha zamani cha kutazama kama chembe zitapindika zikinyimwa oksijeni hakitoshi, kwa kuwa hakitofautishi mtu wa AS na mtu wa SS. Wako watu wazima wa afya waliotishwa bure kwa kipimo hicho. Kinachotofautisha ni kuipitisha himoglobini katika umeme, kwa njia iliyotokana na ile ya Pauling, au vipimo vya kisasa vya namna hiyo. Wachumba wakipima kabla ya kuoana watajua hesabu yao mapema. Wengine watavunja uchumba, wengine wataoana wakijua, hospitali haiwaamulii. Mtoto akipimwa siku chache baada ya kuzaliwa, hupewa penisilini kila siku ili vijidudu vya homa ya mapafu visimwahi, hupewa dawa ya kuzuia malaria, na mama hufundishwa kupapasa wengu chini ya mbavu za kushoto ili ajue mapema ukivimba ghafula.

Iko pia dawa ya vidonge iitwayo hidroksiurea. Faida yake kubwa ni kuifungua kidogo ile jeni ya utoto, ili himoglobini isiyo na kasoro ichanganyike na ile inayonata. Kwa muda mrefu ilitumiwa hasa Ulaya na Marekani, na wengine waliogopa kwamba katika nchi zenye malaria italeta madhara. Mwaka wa 2019 yalitangazwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa watoto wa Angola, Kongo, Uganda na Kenya. Kituo cha Kenya kilikuwa Kilifi. Waliomeza dawa hiyo walipata maumivu machache kuliko hapo kwanza, walihitaji kuongezwa damu mara chache, na malaria nayo ilipungua.

Mwishoni mwa mwaka wa 2023 Uingereza, na baada yake Marekani, ziliruhusu matibabu mapya ambayo huyagusa maandishi yenyewe. Chembe za uboho wa mgonjwa hutolewa, na kwa chombo cha kukata DNA, ambacho kiliwapatia Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobel mwaka wa 2020, hukatwa mahali pale panapoamuru jeni ya utoto ifungwe. Uboho uliobaki mwilini huuawa kwa dawa kali, kisha chembe zilizorekebishwa hurudishwa. Huko Marekani bei iliyotangazwa ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, ambazo ni nyingi hata kwa watu wa huko. GTG haibadilishwi kuwa GAG. Huachwa ilivyo, ila jeni ya utoto hufanya kazi badala yake. Na kwa kuwa ni uboho tu uliorekebishwa, mtu wa SS aliyepona kwa njia hiyo bado atampa kila mtoto wake herufi moja ya S, na mchumba wake bado atahitaji kupimwa damu.